Jikoni kwa Ba, Mwaka wa Mlango wa Misumari

Niwataje kwanza waliokuwamo, msije mkapotea njiani. Alikuwamo Ba, mwenye nyumba, Mhindi mjane aliyezaliwa Kigoma na kuolewa huku kwetu Likasi. Ba kwao ni mama, na nyumba nzima ilimwita hivyo, hata mimi. Alikuwamo Kanti, mwana wake wa pekee, mwenye magazini, yaani duka, ya vitambaa iliyokuwa mbele ya nyumba, uso barabarani. Alikuwamo Hansa, mke wa Kanti, aliyeletwa kutoka India mwaka uleule, mdogo kama mimi, hajui neno letu hata moja. Alikuwamo Papa Ilunga, sentineli, mlinzi wa lango la nyuma. Na nilikuwamo mimi, Kapinga, msichana wa jikoni. Hao ndio wa ndani. Upande wa pili wa mlango walikuwako Sitwayen Kasongo, aliyepewa magazini ya Kanti na serikali, na mke wake Ngoie. Wakati ule hatukusema bwana na bibi, tulisema sitwayen, na majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, ndiyo maana Ngoie, aliyebatizwa Béatrice, aliitwa Ngoie tu. Hansa sijui kama yu hai. Ngoie tumemzika mvua hizi, na hapa Likasi nimebaki mimi peke yangu wa kusimulia.

Kilio cha Ngoie kilikuwa kule Kikula, kwa Odette, mtoto wake wa kwanza, ambaye naye sasa ana mvi. Watu walileta unga, makala ya moto, yaani makaa, na mbuzi mmoja mwenye kelele. Mimi kwa magoti haya siwezi tena kusonga bukari, yaani ugali, ya watu wengi, nikasema nipeni sufuria moja na kunde, mniache pembeni. Nikapika kunde kwa namna ya Ba, na harufu ya mvuje ikaenda uwanja mzima mpaka wanaume waliokuwa wanacheza karata wakageuza shingo. Odette alipoweka tonge mdomoni akaacha kutafuna. “Kaku Kapinga, njo hii?” Nikamwitikia ndiyo, “Njo hii.” “Ile mama alikulaka ku mlango?” “Njo ile, mutoto wangu. Na weye ulikula, ulikuwa mu tumbo.” Akacheka huku analia, na walio karibu wakacheka naye, maana kilio kisicho na kicheko hata maiti hakimpendezi. Kurudi nyumbani, mjukuu wangu Nicole, ninayekaa kwake, akanishika mkono. “Kaku, ile chakula haiko na nyama, haiko na maziwa, haiko hata na samaki, na batu bamelamba sahani. Unifundishe. Lakini ya rahisi, minye sijue kupika.” Nikamjibu kwamba rahisi ni kuila. Mimi kuijua kulinila mwaka mzima, na mwaka huo ndio ninaouandika hapa, kwa Kiswahili cha kitabu nilichofundishwa na masista kidogo kidogo kabla ya kuacha shule. Maneno ya watu nitayaacha vile walivyoyasema.

Mambo ya wazazi wangu nayaruka. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nakaa Shituru kwa yaya Ntumba, dada yangu mkubwa, katika nyumba za kampuni, na mume wake alikuwa amempa neno kapita Mukendi, msimamizi wa kiwandani, kwamba nitakuwa mke wake. Mukendi alikuwa mjane, watoto wake wakubwa kunipita, na alikuwa na tabia ya kumtazama msichana kama mtu anayepima mbao. Nilikataa. Yaya hakuweza kugombana na mume wake waziwazi, basi akafanya kama wanawake wanavyofanya: akanifunga nguo katika kitenge, akanipeleka mjini kwa Ba, ambaye yaya alikuwa anamshonea mashuka, akanisimamisha langoni. “Utakaa humu mpaka ule muzee achoke kungoja. Usitoke hata kununua sabuni. Akikukamata mu barabara, umekwisha.” Lango likafungwa nyuma yangu, na ninakumbuka nilishukuru kusikia lile komeo. Msichana anayeshukuru kufungiwa bado hajajua kufungiwa ni nini.

Sikuwa nimekaa hata majuma mawili matatu pale, maduka ya wageni yakapewa wenyeji. Sitwayen Kasongo alikuja asubuhi na karatasi na watu wawili, na lazima niseme ukweli, alikuja kofia mkononi, akamsalimia Ba kwa heshima, jasho likimtoka kama yeye ndiye anayenyang’anywa. Kati ya magazini na jikoni kwetu kulikuwa na mlango mmoja, ndio njia yetu ya kwenda barabarani na pia ya kwenda stoo, na stoo ilihesabiwa kuwa ya magazini. Mchele, dengu, unga wa ngano, makopo ya samli, vyote vilibaki kule. Kabla ya jua kufika kichwani, seremala alikuwa ameung’oa ule mlango na kuziba nafasi yake kwa mbao zilizopigiliwa misumari kutoka upande wao. Kila nyundo ilipogonga, vyombo vya Ba rafuni vililia kidogo. Aliponyamaza seremala, Ba akakwenda lango la nyuma, akalifunga, akaufunga ufunguo kwenye pindo la sari yake kiunoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma, safi kuliko chetu, na alipenda kutucheka kwa hicho, lakini siku ile hakucheka. “Mbele wamechukua,” alisema. “Nyuma hawataipata. Hakuna wa kutoka humu ila Ilunga kwenda sokoni na kurudi.” Kisha akasimama mbele ya sanamu yake ndogo ya shaba, iliyokaa katika kikabati pembeni mwa jikoni, akaweka nadhiri: mpaka mlango ule ufunguliwe, hatagusa maziwa, wala samli, wala mtindi. Na alichoacha Ba tuliacha wote.

Sasa Nicole akiniuliza ni kitabu gani kilichonifundisha kupika Kihindi bila kitu cha mnyama, namjibu ni ule mlango. Nyama, samaki na mayai havikuwahi kuingia jikoni mwa Ba. Vitunguu na saumu navyo alivikataza, alisema vinamwamsha mtu hasira. Maziwa yakafuata. Tukabaki na kile Papa Ilunga alichoweza kubeba kutoka soko la Kikula: kunde, maharagi, lengalenga, ule mchicha wetu, biringanya, boga, karanga na unga wa bukari. Na tulibaki na kopo la Ba. Lilikuwa duara, la bati, na ndani yake vikopo vidogo vimekaa kwa kubanana kama watoto kitandani: haradali, jira, dania, manjano, pilipili kavu, na peke yake katika chupa iliyozibwa kwa nguo, mvuje, ambao ukiufungua unanuka kama kitu kilichooza, ukiutia kwenye mafuta ya moto unageuka kuwa kama vitunguu vya peponi. Jikoni kulikuwa na dirisha moja lenye nondo, na kwa dirisha lile niliona ukuta wa uwanja, juu ya ukuta kipande cha mbingu, na ndani ya kile kipande moshi wa kiwanda cha Shituru. Mbabula, jiko letu la makala, lilikaa chini ya dirisha. Ule mwaka wote nilitazama moshi wa kwetu nikiwa nimechutama mbele ya moshi wa wengine.

Siku yangu ya kwanza kuachiwa sufuria nilifanya kile anachofanya kila mwanamke wa kwetu: nikadondosha mchuzi kidogo kwenye kiganja, nikalamba. Ba alipiga kelele kama nimemkanyaga. Alibeba sufuria nzima, akaimwaga uwanjani, akaosha jikoni kwa maji mengi, akanituma kuoga. Niliporudi, alinikalisha kwenye kigoda. “Chakula kinakwenda kwa Mungu kwanza,” akanionyesha kikabati, “halafu kwa watu. Wewe umemlisha Mungu mabaki yako.” Nikamwambia, kwa sababu nilikuwa mdogo na mdomo wangu haukuwa na komeo, “Ba, kwetu mupishi akikupa chakula bila kuonja mbele yako, unamuuliza ameweka nini.” Ba akanitazama. “Basi kwenu mnaogopana.” “Na kwenu, Ba, munaogopa nini?” Mkono wake ulikwenda kiunoni, kwenye ufunguo, ukarudi.

Kuanzia hapo nilijifunza kupika kwa sikio na pua. Nicole, sikiliza, hii ndiyo yote, iliyobaki ni mazoezi. Kunde unaziloweka tangu jana, unazisugua kwa viganja mpaka maganda yaelee, unayamwaga. Unazichemsha na manjano ncha ya kijiko, bila mfuniko mpaka povu limalizike, kisha unafunika, unaziacha zijipondeponde zenyewe. Zikiwa uji mzito, unatia karanga nzima kiasi cha konzi, sukari kidogo, na ndimu mwishoni kabisa, maana ndimu ikitangulia kunde zinakaa ngumu. Chumvi unaishika kwa vidole vitatu, si kwa kijiko, vidole vinakumbuka. Halafu kijisufuria kidogo, mafuta ya karanga. Haradali inaingia kwanza, nawe usiende popote. Inakaa kimya, inakaa kimya, kisha inaruka. Ikitulia kuruka, jira. Jira ikibadilika rangi, pilipili kavu. Mvuje chembe tu. Na hapohapo unamwagia kunde, tshaaa, unafunika upesi harufu isikimbie. Lengalenga ni hivyohivyo, boga ni hivyohivyo, hata sombe, majani ya muhogo, nimeipika hivyo, Ba akasema ni ya ajabu lakini inakwenda. Siku hizi mimi natia na kitunguu. Ba anisamehe huko aliko.

Hansa ndiye aliyenifundisha sauti ya haradali, kwa kidole tu, akinionyesha sikio lake. Alikuwa anakaa jikoni na mimi kwa sababu vyumba vingine vilikuwa vya Kanti na redio yake. Tangu walipomchukulia magazini, Kanti alishinda na nguo za kulalia, akifuata habari za nchi zote, akingoja ile redio imtaje. Mimi nilimpa Hansa maneno: moto, maji, kunde, chumvi, hapana. Yeye alinipa nyimbo zisizo na maneno. Kisha siku moja alipita Mhindi mwenzao kutoka Lubumbashi, Ba akamfungulia lango, wakanong’ona, na Hansa akaitwa. Mama yake alikuwa amefariki kule India, zamani kidogo, habari zilikuwa njiani. Nilisikia Hansa anauliza kitu, anakiuliza tena. Sikuhitaji kujua lugha. Jibu la Ba nalo sikuhitaji kutafsiriwa, maana alitikisa kichwa na ufunguo ukagonga ukuta. Hapakuwa na karatasi za safari, hapakuwa na magazini, hapakuwa na njia. Hansa hakulia. Alirudi jikoni, akakaa kwenye kigoda chake, akaendelea kumenya kunde.

Ila aliacha kula. Na hapa ndipo lilipotokea kosa ambalo lingeweza kufanyika katika nyumba ile peke yake. Wanawake wa kwao walikuwa na siku zao za kufunga, Ba mwenyewe alifunga mara nyingi, na mwanamke anayefunga sana anasifiwa. Basi Hansa aliposukuma sahani, Ba alifurahi. “Muone mke wa mwanangu,” aliniambia, “anamfungia mama yake kama mtakatifu.” Lakini mimi ndiye niliyekuwa naosha sahani. Mtu anayefunga anafungua, jioni au kesho yake, na akifungua anakula kwa furaha. Sahani ya Hansa ilirudi kwangu kama ilivyotoka, chapati ya unga wa mahindi imekunjwa vilevile nilivyoikunja. Alikunywa maji, akalamba sukari siku nyingine, akatosheka. Nikamwambia, “Hansa, kula.” Akaniambia lile neno nililompa mwenyewe: “Hapana.” Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekuonyesha kitu kimoja tu ndani ya nyumba ambacho ni chake.

Papa Ilunga aliona kabla ya wenye nyumba. Alikuwa muzee wa utani, lakini siku ile aliniita langoni akiwa ameshika kofia yake, akaongea akitazama kwingine. “Kapinga, ule mama iko anakauka.” Nikasema najua. “Akikufa, batauliza nani alimupikia. Beko na watu bane humu ndani. Muzee mama, bwana, marehemu, na weye. Utachagua nani?” “Papa, minye siweke kintu mu chakula!” “Najua. Nani alikuona unaonja?” Nikatazama dirisha la jikoni. “Eh. Mu nyumba hii hakuna muntu anaonja. Kwa mahakimu wa kwetu, mupishi hakuonja, mwenye kula amekufa, kesi imekwisha. Utalala Buluo, ku gereza, mutoto wangu, na Buluo haiko na dirisha.” Nikamwambia anifungulie nikimbie. Akasema ufunguo hana, na hata angekuwa nao, kapita Mukendi anapita na baiskeli yake barabara ya nyuma kila mshahara ukitoka, amevaa shati nyeupe, akimuuliza kama kuna msichana Mukasai, yaani wa asili yangu, humu. Basi nikarudi jikoni. Nilikaa kati ya lango na ule mlango wa mbao, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kila upande nilikokuwa nimekimbilia kulikuwa na mtu anayenisubiri. Nilichokuwa nacho ni sufuria. Lazima yule msichana ale, au mimi nimekwisha.

Nilipika kama mwenye homa. Nilichoma biringanya juu ya makala mpaka ngozi ikapasuka, nikaiponda na jira na ndimu. Nilikaanga viazi na haradali. Nilisaga karanga na sukari nikaviringa kama marumaru, kitu cha kumshawishi mtoto. Hansa alinisaidia kuviringa. Akanawa mikono, akakaa. Siku moja alipokuwa anamwaga maji, bangili zake zote ziliteleza kwenye kiganja zikaanguka ndani ya beseni, tang-tang-tang, na Ba aliyekuwa anasali akageuka. Ule mlio ndio uliomwamsha. Alikuja, akaushika mkono wa Hansa, akauzungusha kwa vidole viwili kama mtu anayepima kamba, na niliona uso wake unaanguka. Kanti naye akatoka chumbani. Hakumtazama mke wake, alinitazama mimi, halafu sufuria yangu. “Unaweka nini humu?” Nikasema kunde. “Aondoke,” akamwambia mama yake, “leo.” Ba akasema, “Akitoka atasimulia ya humu mji mzima. Hatoki mtu.” Ndivyo nilivyokaa: bwana hanitaki ndani, mama hanitaki nje.

Ilikuwa mchana wa mvua, siku si nyingi baada ya hapo. Nimekwisha kuweka kijisahani cha Mungu kikabatini, nimemwagia mafuta yenye mvuje kwenye kunde, harufu imejaa, na kwenye ule mlango wa misumari kukagongwa. Katika miezi yote hiyo hakuna aliyewahi kuugonga. Sauti ya mwanamke ikaja kati ya mbao. “Ninyi ba kule! Munapika nini?” Nikamtazama Ba. “Minasikia batu beko mule! Minye ni Ngoie, bibi ya Kasongo. Niko na mimba, natapika kila kintu, hata maji. Nakula udongo kama panya. Na kila siku harufu yenu inapita mu mbao inanikamata hapa,” nikamsikia anajipiga kifua. “Leo nimeshindwa. Munipe kidogo.” Kwetu mwenye mimba akikuomba chakula, humnyimi, hata kama ni adui. Ukimnyima, mtoto anazaliwa anakudai. Nilimwambia Ba hivyo kwa kunong’ona. Ba akajibu kwamba kwao nako, Mungu akishakula, anayekuja mlangoni na njaa ametumwa. Tukatazamana, kila mmoja na sheria yake, na kwa mara moja zilisema neno moja. “Mwambie azunguke nyuma,” akasema Ba. Kisha akakumbuka ufunguo, na woga wake ukamrudia, akalishika fundo kiunoni. Ngoie hakungoja. “Kasongo! Lete nyundo!” Tukasikia mwanamume anasema, “Mama, ule mulango ni wa serikali.” “Serikali iko na mimba? Lete nyundo!”

Ubao mmoja tu ndio uliotoka, ule wa kifuani. Mwanga wa magazini ukaingia jikoni kama kitambaa kirefu, na katikati yake uso wa Ngoie, mchanga, umevimba mashavu, na nyuma yake mume wake na nyundo yake ya aibu. Nilipakua kunde na bukari, nikapitisha sahani. Akaishika, akainusa, machozi yakamjaa. Lakini hakula. Akairudisha juu ya ubao. “Muonje kwanza.”

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kasongo akasema polepole, “Ngoie, acha. Tumekula magazini yao, haba batu banatuchukia.” “Njo maana nasema baonje.” Nikanyoosha mkono wangu upesi, akanisukuma. “Hapana weye. Weye uko wa kazi. Bakikuambia ukufe, utakufa. Aonje mwenye nyumba.” Nikamwona Ba anarudi nyuma. Msimlaumu. Kwake yeye sahani uliyoitia mkono wako imekuwa mabaki, na kumpa mtu mabaki ni kumtukana, tena mwenye mimba, tena mlangoni. Kwa Ngoie sahani isiyotiwa mkono ilikuwa na sumu. Kwa hiyo heshima ya huku ilikuwa matusi ya kule, na kati yao chakula kinapoa. Kanti alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake akisema kwa lugha yao, bila shaka anasema ufunge, ufunge. Na mimi nilikuwa nikifikiri: sasa huyu naye atakwenda kusema kwamba tumekataa kuonja, na Hansa akifa, mashahidi wamekwisha patikana.

Hansa aliinuka kwenye kigoda. Aliinuka kwa kushika ukuta. Akaja mpaka kwenye ule mwanga, akamtazama Ngoie, akalitazama lile tumbo lake, muda mrefu kidogo kuliko adabu. Akapitisha mkono wake mwembamba juu ya ubao, akakata tonge la bukari, ambayo tangu aje hakuwahi kuigusa, akalichovya kwenye kunde, akalitia mdomoni. Akatafuna. Ba aliweka mkono juu ya kinywa chake mwenyewe. Hansa akameza, akakata tonge la pili, kubwa kuliko la kwanza, akalila, na akiwa bado mdomo umejaa akanigeukia, uso umekunjwa, akasema kwa maneno yangu mwenyewe: “Kapinga. Chumvi haiko.”

Ngoie akapasuka kwa kicheko mpaka akashika tumbo. “Eh! Huyu iko muntu! Leteni chumvi!” Na Ba, Ba mwenyewe, ndiye aliyeileta, kwa vidole vitatu. Wakala sahani moja, Mhindi huku, mwenzake kule, ubao kati yao, wakigongana vidole. Mimi niliingia nyuma ya pipa la maji nikalia peke yangu, maana mtu anayelalamika chumvi hajafikia kufa.

Msidhani mlango ulifunguliwa. Mbao nyingine zilibaki na misumari yake mpaka mwisho. Ba alikaa siku kadhaa akifikiria kama ubao mmoja ni mlango, akaamua si mlango, nadhiri yake ikaendelea na sisi sote tukaendelea bila maziwa. Lakini kila mchana Ngoie aligonga, na Hansa alikula pale, amesimama, hapo tu na si penginepo, akiangalia kwa ule upenyo watu wanapita barabarani na mvua. Bangili zikarudi kukaa. Kanti hakuniuliza tena ninaweka nini. Odette alizaliwa, ingawa jina hilo alilipata baadaye, Ngoie akampitisha kwenye upenyo tumwone, amefungwa kama mkate. Kapita Mukendi alioa msichana mwingine, maskini yule. Na mwaka ulipoisha zikapatikana karatasi zao, wakaondoka kwa treni, Ba, Kanti na Hansa, na mizigo michache. Langoni Ba alifungua lile fundo kiunoni, akanishika mkono, akauweka ufunguo kwenye kiganja changu, kilekile nilichoonjea mchuzi siku ya kwanza, akavikunja vidole vyangu juu yake. Hansa aliniambia maneno mengi, kwa lugha yake. Sikuyaelewa, nikaitikia yote.

Sasa Nicole akienda kazini ananifungia lango kwa sababu ya wezi. Anafanya vizuri, anafanya kwa upendo, na mimi nabaki na redio kama Kanti. Magoti hayaniruhusu kwenda mbali hata lango likiwa wazi. Siku nyingine ninalisikia lile komeo na mwili wangu unarudi kuwa na umri ule, najikuta natafuta ukutani ubao wa kutoa. Basi nawasha mbabula uwanjani, natia haradali, nangoja iruke, na mara utasikia mama wa jirani nyuma ya ukuta: “Mama Kapinga, unapika nini tena?” Namwambia asogee. Ukuta wetu una tofali moja lililoanguka, na Nicole ananisumbua kila wiki tulitengeneze. Nimemwambia tofali lile likae hivyohivyo mpaka nife.

Ngoie naye, kila tulipokutana soko la Kikula alikokuwa anauza vitenge, tulibishana jambo moja. Alishikilia kwamba Hansa alisema chumvi imezidi, na kwamba Ba alileta maji, si chumvi. “Minye njo nilikula,” alikuwa ananiambia mbele ya wateja, “weye ulikuwa unalia nyuma ya pipa, utajua nini?” Na kweli nilikuwa nyuma ya pipa. Sasa amekwenda na hakuna wa kubishana naye, na kushinda namna hii hakuna utamu. Kwa hiyo ninyi mnaosoma, watoto wa Papa Ilunga kama mpo, Odette, jamaa wa Kasongo, kama nimekosea jina, au ubao ulikuwa wa tumboni na si wa kifuani, au mvua haikuwa inanyesha, njooni mniambie, nitafuta na kuandika upya bila kununa. Ila kwenye chumvi msinishike. Hapo anisahihishe Hansa, kama yu hai, kwa mdomo wake, na sahani nitamwekea, nimeionja.